Kuta Zilibaki



Ukitoka Satellite kwenda Karen, utaikuta nyumba ya mawe yenye paa la vigae, inayotazama vilima vya Ngong. Ilijengwa mwaka 1912 iwe nyumba ya shamba. Kuanzia 1917 ilikuwa makao ya Karen Blixen, mkulima wa kahawa. Mwaka 1931 shamba liliuzwa, likakatwa viwanja. Mwaka 1964 Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo, zawadi ya uhuru. Pakawa na chuo. Na tangu 1986 ni makumbusho.

Kazi zilibadilika, kuta zikabaki. Lakini Wakikuyu walioishi shambani hawakubaki. Blixen aliandika jinsi alivyowaombea serikalini wasitawanywe, mpaka wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti, jina tulijualo sana sisi wa huku.

Basi, ndugu yangu, unataka kubomoa ukuta uongeze vyumba vya kupangisha? Ni vyema. Lakini kabla fundi hajashika nyundo, mwulize mpangaji wako: wewe na watoto mtalala wapi?

Nyumba hupata mwenyewe mpya upesi. Aliyeondolewa huanza upya.

Kwaherini, mkae kwa amani.