Bei ya Kiondo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi kwa niaba ya wafanyakazi wa njia watokao Kalamba)



Sisi tuliosimama hapa ni watu wa njia ya reli. Kazi yetu ni nyundo na koleo, na elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, basi msitazamie maneno makubwa. Tumeombwa kuzungumza juu ya kazi za mikono za nyumbani. Wengine walicheka walipoona jambo hili katika orodha ya mkutano. Walisema chama ni cha mishahara, si cha vikapu. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kisha mcheke.

Kwetu ni Kalamba, upande wa Makueni. Ukiingia katika nyumba ya wazee kule, tazama vitu vilivyomo. Kinu cha kutwangia muthokoi kilichongwa na babu kwa tezo. Kiti cha miguu mitatu vilevile. Mzinga wa nyuki ulio juu ya mti, ambao sisi twauita mwatu, ni gogo lililotobolewa kwa mkono. Akala za miguuni zimekatwa katika mpira wa gari uliochakaa. Koroboi ni mkebe uliotiwa utambi. Watoto wako nje wanakimbiza motokaa za waya. Na ukutani kimetundikwa kiondo chenye mbegu za ndengu na kunde. Vitu hivi havikununuliwa dukani. Mishahara ya baba zetu ilikuwa midogo, lakini ilitosha, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mshahara wa pili, ambao hakuna aliyeutilia sahihi.

Leo tutazungumza juu ya kiondo peke yake, maana ndicho kilichotufungua macho.

Mwaka jana mshahara wetu ulichelewa siku 19. Hatutataja aliyeuchelewesha, nia yetu leo ni nyingine. Tulirudi nyumbani mikono mitupu, tukijua kwamba watoto wamefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Tulikuta wako darasani. Tukauliza, nani amelipa? Mama mzazi akasema, "Viondo vimelipa." Alikuwa ameuza vitatu.

Tulifurahi, kisha tukaona haya. Tukauliza kila kimoja aliuza kwa bei gani. Akasema shilingi 700, kwa mnunuzi anayepita na gari. Usiku ule tukachukua penseli, tukaanza kuhesabu kama tunavyohesabu saa zetu za ziada.

Ninyi mnaojua kazi hii mtatusamehe tukiieleza. Kwanza huenda ukakata majani ya mkonge, na miiba yake huchoma. Kila jani hulazwa juu ya ubao likaparuliwa kwa kisu mpaka nyama yote itoke, zibaki nyuzi. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, nyingine hutiwa rangi. Kisha mama huketi na kuzisokota juu ya paja, moja moja, mpaka ngozi ya paja inakuwa ngumu kama kiganja chetu sisi wa koleo. Hapo ndipo kusuka huanza, kutoka kitako kwenda juu, mzunguko baada ya mzunguko. Mwisho hushonwa mikanda ya ngozi. Mama huifanya kazi hii akienda mtoni, akiwa sokoni, akingoja chungu kichemke. Kwa hiyo haionekani kuwa ni kazi.

Tulihesabu tukapata saa 40 kwa kiondo kimoja. Rangi na ngozi vilimgharimu shilingi 180. Katika zile 700 zikabaki 520. Gawanyeni kwa 40, ndugu zangu. Ni shilingi 13 kwa saa.

Sasa tuulizane. Ni nani kati yetu angeinua koleo kwa shilingi 13 kwa saa? Nyapara akitwambia hivyo, siku ileile tungekuwa mlangoni pa katibu wa tawi. Lakini mama zetu na wake zetu hufanya hivyo kila siku, na sisi twasema, "Ah, anajishughulisha tu."

Tulimwendea mama asubuhi na karatasi yetu. Akatusikiliza, akasema, "Wanangu, msinihesabie mimi. Mkinihesabia mimi nitavunjika moyo niache kusuka. Nendeni mkamhesabie mnunuzi." Neno hilo ndilo lililotuleta hapa.

Basi tukafanya kama chama kinavyotufundisha. Wanawake kumi wa mwethya wetu walikutana. Kwa wasiojua, mwethya ni umoja wa majirani wa Kikamba wa kusaidiana kazi: kulima, kuchimba matuta ya kuzuia udongo, kujenga nyumba. Ulikuwako kabla ya chama chochote. Wakakata shauri kwamba hakuna atakayeuza kiondo chini ya shilingi 1,100. Mnunuzi akaja, akacheka, akaondoa gari lake. Wiki moja ikapita, na ya pili. Mwenzao mmoja akauza kwa siri kwa 650, kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa. Wengine walitaka kumfukuza. Lakini mama mmoja akauliza, "Mtoto alipougua, ni nani kati yetu aliyempelekea chochote?" Wote wakanyamaza. Siku ile wakaanza kutoa shilingi 50 kila mmoja kila wiki, ziwekwe pamoja. Sisi wanachama twajua jina la jambo hilo. Hakuna mgomo bila akiba.

Wiki ya tatu mnunuzi alirudi. Hakutoa 1,100. Alitoa 950. Kwa hesabu yetu hiyo ni shilingi 19 kwa saa na senti kidogo. Bado ni mshahara wa aibu, wala hatuji hapa kujisifu. Lakini safari hii bei haikutoka katika kinywa cha mnunuzi peke yake.

Ndugu zetu wachongaji walitutangulia katika njia hii. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alijifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Aliporudi aliwafundisha jamaa zake, na kazi ya nyumba moja ikawa kazi ya maelfu. Nao waliona jinsi anayebeba kinyago hadi kwa mgeni apatavyo zaidi ya aliyekichonga. Ndipo mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walioko Mombasa wakaunda ushirika wao pale Changamwe, wauze kazi zao wenyewe. Ushirika huo ungalipo.

Tarehe 28 Agosti 2017 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Tulidhani siku ya kiondo imefika. Lakini mifuko mingine ya kiwandani ikajaa madukani. Sheria peke yake haimpi mfanyakazi bei. Tazameni maembe yetu. Kalamba kuna kiwanda cha Kaunti cha kusindika maembe, na mwenye miembe huuliza bei ya kilo kabla ya kuchuma. Kwa nini mwenye kiondo aulize baada ya kumaliza?

Tunaomba mambo matatu. La kwanza, kila mwanachama arudipo likizo akae na mama au mkewe, wahesabu saa za kazi ya mikono ya nyumba ile, waziandike. La pili, sisi wanaume tukate mkonge na kuuparua, maana mikono yetu ina nguvu na hakuna amri iliyotukataza. La tatu, tawi litusaidie kupata wanunuzi mijini wasiopitia mtu wa kati, na katibu awafundishe wanawake wa mwethya kuweka hesabu.

Nao akina mama tunawaomba jambo moja: wasikubali kazi mbovu itoke. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukidai bei ya haki, kiondo nacho kiwe cha haki, kisichofumuka kikitiwa viazi.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyotumwa kusema. Kile kiondo tulichokuja nacho kiko pale mezani. Ni cha mama, si cha kuuza leo. Kiinueni, mtazame kitako chake. Kisha anayetaka kucheka, acheke.