IMEDUMAA, AU IMEDUMAZWA?

Vijana wenzangu, haya niliyazungumza barazani Chake Chake, na kwa kuwa wengi hamkuwepo, nayaweka hapa gazetini.

Nimechoka kulisikia neno moja likitupwa ovyo. Mtu akiwa mfupi: "Kadumaa huyo!" Timu ikifungwa: "Imedumaa!" Wakubwa nao wakija na magari yao husema eti Pemba imedumaa, kisha wakanywa madafu wakaondoka. Jamani, neno lenyewe mnalijua?

Kudumaa ni kusita kukua kabla ya wakati. Si ufupi! Mfupi aliyezaliwa na wafupi, akakua hadi kikomo chake, hakudumaa hata chembe. Aliyedumaa ni yule ambaye safari yake ilikuwa bado, ikakatwa njiani. Wazee wetu wanalo na neno kuvia. Embe huvia mtini, jipu huvia lisiive, damu huvia chini ya ngozi ukipigwa rungu (na wapo miongoni mwenu wanaoijua hiyo ya rungu).

Sasa sikilizeni. Kutoka kuvia tunapata kuviza, na kutoka kudumaa tunapata kudumaza. Hapo ndipo anapoingia mtendaji. Ukisema "Pemba imedumaa" umemficha mtu nyuma ya mlango. Sema "imedumazwa" nami nitakuuliza: na nani?

Chukueni umeme. Unguja ilivutiwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara mwaka 1980. Pemba ilivutiwa wake kutoka Tanga mwaka 2010, tena kwa msaada wa Norway. Miaka 30! Muda wote huo sisi ni majenereta ya dizeli, leo yanawaka, kesho yamezimika. Nani angeleta kiwanda hapo? Mtaambiwa fedha hazikuwepo. Haya, na karafuu? Nyingi za Zanzibar zilitoka kisiwa hiki, na mnunuzi halali alikuwa mmoja tu, ZSTC, akipanga bei apendavyo. Ndiyo maana watu walivusha magendo hadi Kenya usiku. Ni mwaka 2011 tu ndipo Serikali ilipoahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia.

Lakini neno hili kwao hasa ni kwa watoto, na huko ndiko linakotisha. Mtoto hudumaa tangu tumboni hadi miaka miwili: mama hakula vizuri, mtoto kaharisha kila mwezi, minyoo imemjaa, uji ni mweupe tu bila dagaa wala maharage. Ikishapita miaka miwili ni taabu kumrudisha. Mwaka 2022 takwimu za Taifa zilionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Watatu katika kila kumi!

Wala msidanganywe kwamba dawa ni kidonge kimoja. Hapa hapa Pemba watoto 24,076 waliingizwa katika utafiti wa madini ya chuma, foliki asidi na zinki. Agosti 2003 sehemu ya chuma ikasimamishwa kabla ya wakati: waliopewa chuma na foliki asidi walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 12 ya kufa au kuugua hadi kulazwa. Sababu ni malaria. Lakini waliopimwa kwanza, wakaonekana kweli wamepungukiwa na damu na chuma, na malaria yao ikatibiwa, hao walifaidika. Matokeo yakachapishwa mwaka 2006, na dunia nzima ikabadili utaratibu wa kugawa chuma penye malaria. Watoto wa Pemba ndio waliolipa gharama ya somo hilo.

Kwa hiyo leo jioni ukirudi nyumbani, iombe kadi ya kliniki ya mdogo wako. Uzito utauona umeandikwa. Muulize mama: na urefu, walimpima?