Karatasi ya Maswali juu ya Chanjo ya Mabinti Zetu

(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Kamati imetutaka tuseme juu ya ile karatasi iliyoletwa landhini, iulizayo wazazi wana mawazo gani juu ya chanjo ya HPV, virusi viletavyo kansa ya mlango wa kizazi. Chanjo hii ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10, na wengi wetu tuna mabinti wa umri huo.

Wengine wamenung'unika: "Mawazo yetu ni ya nini? Si walete sindano tu!" Huko Marekani katika miaka ya 1950 magari ya eksirei yalipelekwa mitaani kupima kifua kikuu bure, na watu wengi hawakuja. Mtaalamu aitwaye Godfrey Hochbaum akawauliza watu. Akaona ya kwamba hufika zaidi yule aaminiye kuwa ugonjwa waweza kumpata yeye mwenyewe, na kwamba kuujua mapema kuna faida. Tangu hapo maswali ya namna hii hupima mambo manne: Ugonjwa waweza kunifikia? Ni mkali? Kinga yafaa? Na nini kinachonizuia?

Sisi twaona hilo la nne ndilo letu hasa. Mzazi aweza kuikubali chanjo kabisa, na binti akaikosa kwa sababu siku ya kliniki ni siku ya zamu. Hiyo si imani mbaya, ni saa za kazi, na chama chaweza kulipeleka jambo hilo kwa wakubwa. Lakini litajulikanaje?

Tusifichane. Mara ya kwanza msimamizi alisimama mlangoni, nasi sote tukaandika "Nakubali" toka juu hadi chini. Kisha mabinti waliofika kliniki walikuwa wachache. Fundi wa mabehewa hugonga gurudumu kwa nyundo asikie mlio. Hapa gurudumu lenye ufa lililia kama zima.

Tena swali moja lasema, "Waamini chanjo ni salama na kliniki iko karibu?" Hayo ni maswali mawili! Tumeomba yatenganishwe.

Wako wanaohofu kwamba sindano yaharibu uzazi. Uchunguzi mwingi haukuona hivyo, lakini mwenye hofu na aiandike, wala asichekwe. Na aliyechoshwa na habari ya sindano mbili ajue kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuwa hata moja yaweza kutosha. Uchunguzi mmoja wa jambo hilo ulifanywa kwa wasichana wa hapa kwetu, Thika, Kisumu na Nairobi.

Basi karatasi mpya hazina mahali pa jina. Sanduku liko ndani ya ukumbi mpaka Jumamosi jioni. Asiyesoma atasomewa na mama wa kamati, na wasimamizi wamekubali kukaa nje.