Damu Iliyomwangika Karibu na Mulango Wetu

Somo: Kumbukumbu la Torati 21:1-9

Fungueni Biblia zenu, musome mistari hii tisa, kisha tuendelee pamoja.

Mutu amekutwa ameuawa katika shamba. Aliyemuua hajulikani. Sheria ya Musa inaagiza nini? Wazee na waamuzi wanatoka, wanapima umbali kutoka kwenye maiti mpaka kwenye miji yote ya kandokando. Wazee wa muji ulio karibu zaidi ndio wanaitwa. Wanaleta ndama jike ambaye hajafanya kazi bado, wanashuka naye kwenye bonde lenye maji, na hapo wananawa mikono na kushuhudia mambo mawili: mikono yao haikumwanga damu hiyo, na macho yao hayakuona.

Angalieni vizuri. Muuaji hajulikani, lakini Mungu hasemi wamuzike tu na kwenda. Anauliza: nani alikuwa karibu? Damu ya mutu haiachwi bila wa kuijibia.

Sasa tuje kwetu. Toka Katuba mpaka Ruashi, tunajua usiku wa majambazi. Mulango unavunjwa, watu wanapiga filimbi na sufuria, asubuhi mama analia. Sisi tunasema: "Pole sana. Lakini haikuwa kwetu, ilikuwa avenyu ya pili." Ndugu, avenyu ya pili ni hatua ngapi kutoka kwa mulango wako? Upime.

Je, tunaweza kunawa mikono kama wazee wale? Tuanze na macho. Tunajua nyumba ambamo vitu vya wizi vinapitia. Tena wengine kati yetu tunanunua telefone ya bei ya chini sana, hatuulizi ilitoka wapi. Mwizi anarudi usiku kwa sababu muchana alipata munuzi. Anayenunua hawezi kusema macho yake hayakuona.

Tuje kwenye mikono. Mwizi akikamatwa, watu wanaleta mawe na tairi, na wakristo wako pale. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006 inasema katika kifungu cha 16 kwamba mutu ni mutakatifu, na katika kifungu cha 17 kwamba anayeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu itolewe. Na hata kwa akili ya kawaida: mutu aliyechomwa hawezi kutaja wenzake, wala aliyemupa silaha. Tunaunguza habari, kiongozi wa kundi anabaki, na pengine tumeua mutoto wa mutu asiye na kosa. Pilato naye alinawa mikono mbele ya watu wengi. Maji hayakumusaidia.

Utaniuliza: Muchungaji, kanisa litafanya nini mbele ya panga na bunduki? Nitakupa mufano wa muji mumoja wa Marekani, Boston. Mwaka 1990 watu 152 waliuawa mule. Mwezi wa tano wa mwaka 1992, vijana wa kundi waliingia katika kanisa la Morning Star wakati wa maziko, wakamushambulia kijana mumoja mbele ya waombolezaji. Jeuri ilikuwa imefika ndani ya ibada. Hakukuwa tena umbali wa kupima.

Wachungaji wakaungana, wakaanza kutembea usiku katika mitaa ya hatari, kusalimia vijana na kuwasikiliza. Watu wa elimu walipochunguza, walikuta kwamba vijana karibu 1300 tu wa makundi, katika muji wa watu zaidi ya nusu milioni, ndio waliohusika na sehemu kubwa ya mauaji ya vijana. Kwa hiyo mwaka 1996 polisi, waendesha mashitaka, watumishi wa vijana na wachungaji wakaita makundi hayo uso kwa uso na kuwaambia mambo mawili: mauaji yatazuiwa kwa nguvu ya sheria, na anayetaka kutoka atasaidiwa. Mwaka 1999 waliouawa walikuwa 31.

Sisemi wachungaji peke yao walifanya hayo. Kulikuwa sababu nyingi. Tena umoja ule ulilegea, na mwaka 2005 waliouawa walikuwa tena zaidi ya 70. Hilo pia ni somo. Usalama haukai wenyewe. Unatunzwa kila wiki.

Sisi tunapenda kesha. Tunaimba mpaka asubuhi, na mulango wa kanisa umefungwa kwa sababu inje kuna hatari. Hiyo ni maombi, na Mungu anasikia. Lakini kijana anayekaa kwenye kona ya avenyu hatujui hata jina lake.

Basi wiki hii tufanye mambo matatu. Kwanza, usinunue kitu kisicho na mwenyewe wa kujulikana. Pili, mwizi akikamatwa, wakristo wasimame katikati, waite shefu wa avenyu na polisi. Na muende kutoa ushuhuda mukiwa wengi, kwa sababu shahidi mumoja anaogopa, lakini kumi wanasindikizana. Tatu, wazee wa makanisa, pamoja na majirani wakatoliki na waislamu, wamwone shefu wa avenyu na kupanga jioni moja kila wiki ya kutembea pamoja, bila fimbo, bila kumukamata mutu, wakisalimia vijana kwa majina. Na wewe fundi wa kushona, wewe muashi, wewe fundi wa pikipiki: chukua kijana mumoja, umufundishe kazi yako. Hasa yule aliyetoka Kasapa, ambaye watu wote wanamukimbia. Kama hatapokelewa na kanisa, kundi linamungojea.

Tuombe. Bwana, wewe unayeuliza damu ya kila mutu, utusamehe kwa yale tuliyoona tukanyamaza. Fariji wajane wa muji huu. Geuza mioyo ya wanaobeba silaha. Na siku utakapopima umbali, utukute tumesimama karibu. Kwa jina la Yesu. Amina.