Nani Amwuguzaye Mzee Nyumbani?

Hotuba kwa walimu na waamini wa parokia, katika Jubilei ya miaka 25 ya Jimbo la Mpanda



Nimeombwa niseme habari za wazee wetu katika kuikumbuka Jubilei ya Jimbo letu, lililosimamishwa mwaka 2000 na kutimiza miaka 25 mwaka 2025. Wengine wamekwisha kusema habari za makanisa yaliyojengwa, na za shule, na za zahanati. Mimi nimepewa jambo la ndani ya nyumba, lisiloonekana na mpita njia: mzee asiyeweza kuondoka kitandani, na yule amwuguzaye, na fedha za Serikali zifikazo, au zisizofika, mlangoni pao.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nalikuwa nikifundisha darasa la sita katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tanganyika. Palikuwa na binti mmoja, mwepesi wa hesabu kupita wenziwe wote, naye akaanza kukosa shule: kwanza siku ya Jumatatu, halafu siku mbili tatu kwa juma, hata mwisho akawa kama mgeni darasani. Nikamkemea mbele ya wenzake, nikamwita mvivu. Hakujibu neno. Aliinamisha uso, na kesho yake hakuja kabisa.

Jumamosi nikaenda kwao ili niwaonye wakubwa wake. Nikapiga hodi, nikakaribishwa na sauti dhaifu sana. Bibi yake alikuwa amelala mkekani, amepooza upande mmoja. Na yule binti alikuwa nyuma ya nyumba, akifua nguo zilizochafuka usiku. Hapakuwa na mkubwa mwingine. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Najua ulilolijia. Usimpige mtoto, mwalimu. Wenye kosa ni miguu yangu hii." Basi maonyo yote niliyokuwa nimeyatunga njiani nikayameza.

Hao wawili hawakuwa katika orodha yoyote ya msaada, maana walikuwa wamehamia majuzi, na siku zile za kuandikwa kwa kaya maskini walikuwa bado hawajafika. Jambo hilo si geni katika Mkoa wetu. Hesabu ya watu ya mwaka 2012, mwaka ule ule Katavi ilipotengwa na Rukwa, ilikuta watu 564,604. Na ile ya mwaka 2022 ikakuta watu 1,152,958. Mji ukikua hivyo ndani ya miaka kumi, daftari liandikwalo leo litapitwa na wakati kabla wino wake haujakauka. Nawe ukihamia pamoja na mzee wako, jina lake husalia kule ulikotoka, au halipo popote.

Sasa natuutazame msaada wenyewe, jinsi ulivyokuwa na jinsi unavyobadilika. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yasema kwamba wazee watunzwe na jamaa zao nyumbani, na kwamba kuwapeleka katika makazi ya wazee kuwe ndilo jambo la mwisho. Hilo ni jema, nasi sote twalipenda. Walakini mtu akisema mzigo huu ni wa nyumba, hapana budi aulize tena nyumba hiyo itaubeba kwa nguvu gani. Mtu aliyefanya kazi ya mshahara ana pensheni yake. Mkulima wa Mpimbwe, na mvuvi wa Ikola, na mama aliyelima karanga miaka hamsini, hao hawana.

Msaada ulio karibu nao ni ule wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ndio TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, na hasa Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012. Hapo mwanzo fungu la msingi lilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, likaongezwa kwa ajili ya watoto, wala jumla haikupita shilingi 38,000. Mtu wa mjini aweza kucheka. Mimi nimeona shilingi hizo zikinunua sabuni na dagaa na mafuta ya taa, na mwenye nyumba akilala usingizi.

Lakini angalieni sharti lake, ninyi walimu, maana linapita katika kalamu zenu. Fungu la mtoto wa shule lilitolewa iwapo mtoto amehudhuria siku 80 katika kila siku 100 za masomo, asipohudhuria, hukatwa. Sharti hilo liliwekwa kwa nia njema, nalo limeleta watoto wengi darasani. Hata hivyo, fikirini nyumba kama ile niliyoisimulia, kama ingalikuwa imeandikwa. Binti anabaki nyumbani kumgeuza bibi yake asipate vidonda vya kulala. Mwalimu anaandika kwamba hakuja. Fungu lake lakatwa. Na fedha iliyokatwa ndiyo ingalinunua chakula cha bibi. Yaani kadiri mtoto anavyozidi kuuguza, ndivyo nyumba inavyozidi kukosa. Hakuna aliyekusudia jambo hilo. Limetokea kwa sababu walioupanga mpango walimhesabu mtoto kuwa mwanafunzi, wakamhesabu mzee kuwa mmoja wa kaya, wala hawakumhesabu mwuguzaji popote.

Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 2020, ilizigawa kaya namna nyingine: zile zenye watu wawezao kufanya kazi wakapewa kazi za muda za ujira, na zile zisizo na nguvu kazi wakapewa ruzuku bila kutakiwa kazi. Mgawanyo huo ni wa haki kuliko ule wa kwanza. Lakini mjukuu wa miaka kumi na minane, mwenye mikono miwili na afya njema, ni nguvu kazi kwa macho ya mwandikaji; na nani atakayeandika kwamba mikono hiyo imekwisha kuajiriwa kitandani kwa bibi, mchana na usiku, bila ujira?

Tena likaja neno "kuhitimu". Maelfu mengi ya kaya katika nchi yetu zimetolewa katika Mpango kwa kuwa hali zao zimekuwa nafuu. Kwa nyumba ya vijana waliopata mbuzi na mtaji, neno hilo ni la furaha, nasi walimu twalipenda. Lakini uzee hauna mahafali. Mama wa miaka 80 hatakuwa na nguvu zaidi mwakani kuliko mwaka huu. Kama nyumba yake imehitimu kwa ajili ya kuku wachache na bati jipya, yatupasa tuwaulize wakubwa wetu kwa heshima kama kikongwe aliyemo ndani amehitimu naye.

Fedha za Mpango, kama mjuavyo, sehemu yake kubwa ni mkopo wa Benki ya Dunia na michango ya nchi za nje. Jinsi michango ya namna hiyo ilivyo kama mvua za mwisho wa msimu tuliiona mwaka 2025: Januari ile Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na katika nchi yetu watu wengi waliokuwa wakizuru wagonjwa majumbani kwa posho ya fedha hizo wakakaa nyumbani kwao.

Kwa upande wake Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji, wapite nyumba kwa nyumba. Hilo ni jambo kubwa, nanyi mkimwona mhudumu wa kitongoji chenu mpokeeni vizuri, mwonyesheni mahali walipo wazee. Walakini yeye ana nyumba nyingi sana za kupitia. Atapima, atashauri, ataandika barua ya kwenda kituoni. Hataweza kukaa mpaka uji uive.

Kuna walioonyesha njia nyingine. Zanzibar, tangu Aprili 2016, humpa kila mtu aliyefika miaka 70 pensheni kwa fedha ya Serikali yenyewe, bila kuuliza kama ni maskini au tajiri. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, nayo imeongezwa ikafika 50,000. Kenya nayo, tangu mwaka 2018, huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Huku kwetu bara hatuna pensheni ya wote. Lakini huko Nshamba, wilaya ya Muleba, shirika la KwaWazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo, hasa mabibi waliokuwa wakilea wajukuu yatima. Na taarifa ya uchunguzi uliofanywa huko, iliyotolewa mwaka 2008, ilipewa jina la chumvi, sabuni, na viatu vya shule. Jina hilo latosha kuwajibu wale wasemao kwamba mzee akipewa fedha ataipoteza.

Wengine husema fedha za Serikali zitaua upendo wa ukoo. Nami niliwahi kusema hivyo, kabla sijafika Katumba na Mishamo. Huko wako wazee waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa vijana, wakalima pori likawa mashamba, wakapewa uraia wa nchi hii. Leo wamepita miaka 70, na wengine ukoo wao ulisalia ng'ambo au ulikwisha kufa. Hao ukiwaambia waende kwa ukoo, umewaambia waende wapi?

Wala kuuguza si jambo jipya katika nchi hii. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akafundishwa uganga huko Malta, alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa mwambao wa ziwa mpaka alipokufa mwaka 1956. Naye alizeekea huku huku, mbali kabisa na Tombuktu alikozaliwa upande wake, kati ya watu ambao mababu zao aliwafunga vidonda.

Basi tufanye nini? Kuuomba mpango wa Serikali uandike jina la mwuguzaji, na kumhesabia siku zake, ni kazi ya viongozi wetu, nao wameahidi kuisema. Ile iliyo mikononi mwetu ni saa. Yule binti hakuhitaji fedha kwanza. Alihitaji mtu wa kukaa na bibi yake tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana. Mama wawili wa jumuiya ya jirani walipopokezana, yeye Jumatatu na Jumatano, mwenziwe Jumanne na Ijumaa, na Alhamisi nikaenda mke wangu, binti alirudi darasani. Hakuwa wa kwanza tena katika hesabu mwaka ule, maana alikuwa amepitwa na mengi, lakini alimaliza darasa la saba. Bibi yake alikufa mwaka uliofuata, mwili wake safi, bila kidonda.

Kwa hiyo, walimu, mtoto akikosa siku tatu, nendeni kwao kabla ya kumkemea. Nanyi mnapoandika katika daftari, andikeni pia sababu, mkaipeleke kwa mtendaji wa kijiji. Wazee wa jumuiya, wasaidieni vikongwe wapate kitambulisho cha Taifa na barua ya matibabu bila malipo kwa wasiojiweza. Na aliyehamia aandikwe mara moja hapa anapoishi.

Mezani pale mlangoni pana daftari jipya lenye safu tatu: jina la mzee, jina la amwuguzaye, na siku ambayo wewe waweza kukaa naye. Nitakaa hapo mpaka saa kumi. Kalamu ziko mbili.