Elimu ya Mwenye Kulea Yatima

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa hali baba yake amekwisha fariki, akaondokewa na mama yake akiwa na umri wa miaka 6, akalelewa na babu yake, kisha na ami yake Abu Talib. Ziwashukie pia jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni, pamoja na kuziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunazungumza juu ya jambo lililozoeleka mno majumbani mwetu, hata tukalidhania kuwa halina la kufundishwa. Nalo ni kumlea mtoto ambaye hatukumzaa.

Ndugu Waislamu, Mtume (S.A.W.) amebashiri kwamba mwenye kumsimamia yatima atakuwa karibu naye Peponi, akaonyesha kwa kidole chake cha shahada na cha kati. Bishara hii imefungua milango mingi katika miji yetu, na mtoto wa ndugu aliyefariki hakosi mkeka wa kulalia. Hayo ni mema. Lakini huruma humwingiza mtoto nyumbani. Ili akae kwa salama na kukua sawasawa, mlezi anahitaji elimu.

Tutazame yaliyowapata masahaba. Ilipoteremka aya ya 10 ya Suratun Nisaa, yenye onyo kali kwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma, wenye mayatima waliingiwa na hofu. Amepokea Ibn Abbas (R.A.) kwamba walikitenga chakula cha yatima na chakula chao, kikibaki, huwekewa yeye mpaka akile au kiharibike. Jambo hilo likawawia zito, wakamwendea Mtume (S.A.W.) kuuliza. Ndipo ikateremka aya ya 220 ya Suratul Baqara, ikawafundisha kuwa jambo la kheri ni kuwatengenezea mayatima mambo yao, na kwamba kuchanganyika nao kunaruhusiwa, kwani hao ni ndugu.

Zingatieni. Watu wale walikuwa wachamungu, na nia zao zilikuwa safi. Hata hivyo yatima alikuwa akila peke yake, ndani ya nyumba ya watu wanaomtakia mema. Kilichopungua ni ujuzi, na dawa yake ikawa kuuliza na kufundishwa. Ikiwa masahaba walihitaji somo, sisi je?

Basi mlezi ajifunze nini?

La kwanza ni hukumu za sheria. Suratul Ahzab, aya ya 5, inatuamrisha kuwanasibisha watoto na baba zao. Kwa hiyo mtoto abaki na jina la baba yake, na aelezwe asili yake. Hamrithi mlezi wake, lakini mlezi aweza kumuusia sehemu ya mali isiyozidi theluthi. Akibaleghe, mipaka ya stara humhusu kama mtu mwingine asiyekuwa maharimu, ila akiwa amenyonyeshwa katika nyumba hiyo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, ni manyonyesho 5 kabla mtoto hajatimiza miaka 2. Mama aliyepokea mtoto mchanga akaijua hukumu hii mapema ana nafasi. Akiijua mtoto amefika miaka 12, nafasi imekwisha pita.

La pili ni kuhifadhi mali. Suratun Nisaa, aya ya 6, inaamrisha mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha ikionekana busara yao wakabidhiwe mali zao mbele ya mashahidi. Atakayekabidhi mbele ya mashahidi hana budi kuwa na hesabu. Kwa hiyo mlezi ajifunze kuweka daftari: nyumba iliyoachwa, minazi, mafao ya kazi ya marehemu, kilichoingia na kilichotoka.

La tatu, na ndilo linalotushinda wengi, ni kuujua moyo wa mtoto aliyefiwa. Mtoto hutoa huzuni yake kwa njia ambazo mtu asiyefundishwa huziita utundu. Mwenye miaka 8 hurudia kukojoa kitandani. Mwingine huficha mkate chini ya godoro, ingawa chakula kipo. Mwingine hunyamaza, au huwapiga wenzake. Mtoto mdogo hajui bado kwamba aliyekufa harudi. Akiambiwa mama yake amesafiri, humngoja kila jioni. Yafaa aambiwe ukweli kwa upole, na afundishwe kumwombea.

Mlezi asiyejua haya hushika fimbo. Fimbo isipofaa, mtoto hupelekwa kwa shangazi, na kutoka hapo kwa mjomba, na kila ahamishwapo huzidi kuamini kwamba hatakiwi. Mtoto aliyekwisha kuamini hivyo huwa windo jepesi la wabaya. Kwa hiyo mlezi ajue pia dalili za mtoto anayedhulumiwa mwili wake, na wapi pa kupeleka habari bila ya kuficha kwa kuogopa aibu.

Wala somo hili halimalizwi kwa siku moja. Yatima wa miaka 5 si yule wa miaka 14. Mwongozo wa malezi mbadala uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2009 unataka walezi waandaliwe na kusaidiwa kabla ya kumpokea mtoto, anapokuwa kwao, na baada yake. Kafala yetu ya Kiislamu imetajwa katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, imo katika Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, na katika ile ya Kenya ya mwaka 2022. Sheria imekwisha kutupa jina. Kazi ya kufundishana ni yetu.

Basi kila msikiti wenye darsa na utenge siku moja katika mwezi kwa ajili ya walezi. Sheikh aeleze hukumu, nesi aeleze afya, afisa wa ustawi wa jamii aeleze sheria, na bibi aliyelea wengi aeleze aliyoyaona. Wanaume wasiwaachie wanawake peke yao. Nanyi wanafunzi, yatima aliyeketi nanyi dawati moja mtendeeni kama ndugu. Waliotutangulia walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi waliotangulia, awape walezi subira na elimu yenye manufaa, na awajaalie mayatima wetu kuwa watu wema. Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Amin.