Mstari na Jirani Zake



Wapendwa wasikilizaji, mzee wa Dodoma akisema, "Mwaka 1995 nilikuwa Chimwaga", wenzake huelewa kwamba ataja ukumbi ambamo Chama cha Mapinduzi kilimteua Benjamin Mkapa kugombea urais. Mama akisema, "Mwanangu anasoma Chimwaga", twaelewa kwamba ataja Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Jina ni lile lile. Maneno yanayolizunguka ndiyo yanayotuonyesha maana yake. Vivyo hivyo, mkulima apandaye uwele na mtoto apandaye mbuyu hawafanyi kazi moja.

Basi, ikiwa neno la kila siku lahitaji jirani zake ili lieleweke, si zaidi Neno la Mungu?

Katika Somo la Pili la Dominika ya 21 ya mwaka B, Kanisa hutusomea Waraka kwa Waefeso, sura ya 5, kuanzia mstari wa 21. Wako waume waliokariri maneno machache tu ya mstari wa 22, yale yahusuyo mke kumtii mumewe. Mke akiuliza fedha za mavuno zimekwenda wapi, hujibiwa kwa mstari huo. Akipigwa, husomewa mstari huo huo. Naye, kwa kuwa ni mcha Mungu, hunyamaza, akidhani kwamba ni Mungu aliyemnyamazisha.

Ndugu zangu, tusome tangu mwanzo. Mstari wa 21 wawaagiza Wakristo wote, wake kwa waume, watiiane kwa kumcha Kristo. Tena, katika baadhi ya hati za Kigiriki zilizo za kale zaidi, mstari wa 22 hauna kitenzi chake wenyewe. Huazima kitenzi cha mstari wa 21. Ukiukata na kuusimamisha peke yake, hata neno "kutii" halimo! Kisha tuendelee mbele: mstari wa 25 wamwagiza mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa. Kristo hakulipiga Kanisa. Alipigwa kwa ajili yake.

Tukumbuke kwamba Ibilisi naye alinukuu Zaburi alipomjaribu Bwana. Bwana hakukana kwamba maneno yale yameandikwa. Alimjibu kwa Andiko jingine. Kumbe, kunukuu si kuelewa.

Nanyi makatekista, mtazameni Filipo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Towashi wa Ethiopia alisoma maneno ya Isaya, asijue nabii asema habari za nani. Filipo alipanda garini, akaketi naye, akaanzia pale pale aliposoma, akamfikisha kwa Yesu. Hiyo ndiyo kazi yenu. Kabla ya kufundisha mstari mmoja, someni sura nzima. Ulizeni: Nani asema? Amwambia nani? Nini kimetangulia, na nini chafuata? Katika jumuiya ndogo ndogo, msimruhusu msomaji aanzie katikati.

Nawe mume uliyeufanya mstari huu kuwa fimbo, leo jioni fungua Biblia. Soma mbele ya mkeo tangu mstari wa 21 hadi wa 33. Ukimaliza, nyamaza wewe, umwache yeye aseme.

Mungu atujalie kulisikia Neno lake lote, wala si lile tu linalotufaa. Amina.